Dawa ya Moto ni Moto: Maisha ya Daktari Samuel Hahnemann

Mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, tena kwa maneno yetu wenyewe bila kunakili ya mtu, wenzangu hawakusita. Mmoja alimchagua Shaaban Robert, mwingine akamkumbatia Mekatilili wa Menza, na wa tatu akasema yeye na Dedan Kimathi ni chanda na pete. Mimi nilipomtaja Samuel Hahnemann, darasa zima lilinitumbulia macho. Huyo ni nani, na anatuhusu nini sisi? Swali hilo ni haki yenu, nami nitalijibu. Lakini kwanza sharti niwapeleke nyumbani kwa nyanya yangu.

Nyanya anaishi kijijini, si mbali na soko la Mwatate kule Taita. Ni mgonjwa wa kisukari, na kisukari si ugonjwa wa kuja na kuondoka kama mafua. Ukishaingia nyumbani mwako, mnakaa nao hadi mwisho. Kila mwezi nyanya alikuwa akidamka alfajiri, akapanda matatu hadi hospitalini, akapanga foleni mpaka jua la utosi. Akifika mbele ya daktari anaulizwa swali moja au mawili, anaandikiwa vidonge vilevile vya metformini, na wa nyuma yake ameshaitwa. Dakika tano, zikizidi.

Siku moja ya soko akaja mwuza dawa na kipaza sauti. Chupa yake, ati, ilikuwa ikitibu kisukari, presha, pumu, baridi yabisi na maradhi mengine chungu nzima. Nyanya akamwendea. Yule bwana alimkalisha kitini chini ya mwembe, akamwuliza anavyolala, anachokula, miguu inavyomwaka moto usiku, hata habari za msiba wa babu. Walizungumza karibu saa nzima. Nyanya akauza mbuzi, akanunua chupa tatu, na vile vidonge vya hospitali akavitia ndani ya kopo juu ya kabati. Sisi hatukujua.

Likizo ya Agosti nilipofika, nilimkuta amelala mchana, midomo imemkauka, ananiita kwa jina la mama yangu. Kidole cha mguu kilikuwa na kidonda ambacho wala hakuwa amekihisi. Tulimkimbiza hospitalini kwa pikipiki, mimi nimemshika kwa nyuma asianguke. Kijimashine cha kupimia sukari kilishindwa kutoa namba; kilionyesha tu kwamba sukari imepita kipimo. Alilazwa siku tisa. Mungu ni mkubwa, nyanya alirudi nyumbani, lakini kile kidole hakurudi nacho.

Nilikuwa na hasira za mkizi. Nilimwuliza kwa nini aliacha dawa yake. Nyanya hakuitetea ile chupa hata kidogo. Alinijibu tu kwamba yule bwana alikuwa mtu wa kwanza kwa miaka mingi kumsikiliza mpaka mwisho. Jibu hilo lilinichoma kuliko kidonda chenyewe, na sikujua la kusema.

Shule zilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu wa Biolojia. Akaniazima kitabu kinene cha historia ya utabibu, na humo ndimo nilimokutana na Hahnemann. Nilisoma maisha yake nikashangaa, kwa sababu kisa cha nyanya nilikiona humo chote: hospitali inayoumiza, tabibu anayesikiliza, na chupa isiyokuwa na kitu. Tofauti ni kwamba tabibu huyu hakuwa tapeli. Alikuwa msomi mkubwa, tena mwenye moyo safi, na hapo ndipo palipo na funzo.

Samuel Hahnemann alizaliwa tarehe 10 Aprili 1755 katika mji wa Meissen, jimbo la Saxony, katika Ujerumani ya leo. Meissen ulikuwa na sifa ya vyombo vya kaure, na baba yake alijipatia riziki kwa kuchora nakshi juu ya sahani na vikombe hivyo. Mali haikuwapo nyumbani, lakini mtoto alikuwa na kipaji cha lugha kilichowashangaza walimu wake. Mwaka wa 1775, akiwa kijana wa miaka 20, alishika njia hadi Leipzig kusomea udaktari. Karo aliipata wapi? Alifundisha lugha, na usiku akawa anatafsiri vitabu vya Kiingereza kwa Kijerumani. Wanachama wenzangu, sikieni hilo! Wanaotucheka ati lugha hailipi, hawamjui kijana huyu.

Kutoka Leipzig alikwenda Vienna kuona wagonjwa kwa macho yake. Fedha zilipomwishia alipata kazi Transylvania, ambayo leo iko Romania, akawa mtunza maktaba na daktari wa gavana wa huko. Hatimaye alipata shahada yake ya udaktari Erlangen mwaka wa 1779. Mwaka wa 1782 alimwoa Henriette Küchler, wakajaliwa watoto 11.

Hebu sasa tuutazame udaktari wa siku hizo, maana bila ya hilo hatutamwelewa. Madaktari wa Ulaya hawakujua lolote kuhusu vijidudu vya maradhi. Waliamini kwamba ugonjwa ni uchafu au ziada iliyomo mwilini, na kazi yao ni kuitoa. Basi walimpasua mgonjwa mshipa wakamwaga damu kwa bakuli. Walimbandika ruba. Walimtapisha, wakamharisha, wakamlisha zebaki mpaka meno yakalegea. Aliyepona alimshukuru daktari, na aliyekufa alizikwa. Wakubwa nao hawakusalimika. Mfalme Leopold wa Pili wa Austria alikufa Machi 1792 baada ya kutolewa damu mara kadhaa katika siku chache, na George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikufa Desemba 1799 baada ya madaktari kumtoa damu nyingi kwa siku moja.

Hahnemann aliyaona hayo na moyo ukamwuma. Aliingiwa na hofu kwamba anawaua watu ambao wangepona wenyewe kama angewaacha. Miaka michache tu baada ya kuoa aliamua jambo ambalo wengi wetu tusingethubutu: aliacha kutibu. Familia ilihamahama kutoka mji hadi mji, na tumbo likajazwa kwa kalamu, yaani kwa kutafsiri vitabu vya tiba na kemia. Hakukaa bure. Mwaka wa 1786 alitoa kitabu juu ya sumu ya aseniki, na pia alitengeneza njia ya kugundua madini ya risasi ambayo wauza mvinyo walaghai walikuwa wakiyatia katika bidhaa yao. Mfalme Leopold alipofariki, Hahnemann aliwakosoa waziwazi gazetini wale madaktari waliomtoa damu. Mwaka huohuo wa 1792 alimchukua afisa mmoja wa Hanover aliyerukwa na akili, akakaa naye bila minyororo wala viboko. Kwa muda alimtazama tu na kumsikiliza, wakati ambapo wenye wazimu kwingineko walikuwa wakifungwa kama mbwa. Mtu huyo alipata nafuu.

Lililomgeuza maisha lilikuwa limekwisha kutokea miaka miwili nyuma. Mwaka wa 1790 alikuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha William Cullen, daktari mkubwa wa Scotland. Cullen alieleza juu ya gamba la mti wa mkwinini, unaotoka milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambalo liliponya homa ya vipindi, hii malaria yetu. Alidai gamba hilo huponya kwa sababu ya uchungu wake unaolipa tumbo nguvu. Hahnemann hakuridhika. Vitu vichungu ni vingi, mbona haviponyi malaria? Badala ya kubisha kwa mdomo, alilinywa gamba lenyewe siku kadhaa hali yeye ni mzima. Lo! Miguu ikawa baridi, moyo ukamdunda, akatetemeka, kiu ikamshika. Zilikuwa dalili zilezile za malaria.

Hapo wazo likamjia. Kumbe kile kinachoweza kumletea mtu mzima dalili za ugonjwa, ndicho kinachoweza kumponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Sisi Waswahili tuna methali yake: dawa ya moto ni moto. Mwaka wa 1796 aliliandika wazo hilo katika jarida la madaktari. Baadaye akaipa tiba yake jina la homiopathia, na mwaka wa 1810 akatoa kitabu chake kikuu, Organon. Alijaribu dawa moja baada ya nyingine juu ya mwili wake, watu wa nyumbani mwake na wanafunzi wake, akaandika kila walichohisi kuanzia utosini hadi unyayoni.

Lakini dawa nyingi kati ya hizo zilikuwa sumu. Ili zisiwadhuru wagonjwa, alianza kuzizimua. Alichukua tone moja la dawa, akalichanganya na matone 99 ya maji au kileo, akatikisa kwa nguvu. Katika mchanganyiko huo akachukua tena tone moja, akalitia katika matone mengine 99, akatikisa. Akafanya hivyo hata mara 30. Aliamini kwamba kadiri dawa inavyozimuliwa na kutikiswa ndivyo nguvu yake inavyozidi. Wewe uliyesoma Kemia hebu piga hesabu. Baada ya mara 12 hivi, uwezekano wa kukuta hata molekuli moja ya dawa ni mdogo. Baada ya mara 30, dunia yetu hii yote ingekuwa maji matupu, bado yasingetosha kukuhakikishia molekuli moja. Mgonjwa alikuwa akinywa maji, au akimumunya kidonge cha sukari, basi.

Sasa utaniuliza: kama dawa ilikuwa maji, mbona wagonjwa walimiminika kwake? Hata mimi swali hilo lilinikosesha usingizi, na nimeona majibu yake ni mengi. Kwanza, Hahnemann hakuwatoa damu wala kuwalisha zebaki. Mgonjwa aliyeachwa kwa amani alikuwa na heri kuliko aliyetibiwa na jirani yake. Pili, aliwaagiza wale vyakula vyepesi, wapate hewa safi, watembee na walale vya kutosha. Tatu, maradhi ya kudumu hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Mtu humkimbilia tabibu maumivu yakiwa yamejaa, na yakianza kupwa, sifa humwendea tabibu. Nne, aliwasikiliza. Alimwacha mgonjwa aseme mpaka amalize, bila kumkatiza, naye akiandika. Madaftari yake ya wagonjwa, zaidi ya 50, yamehifadhiwa Stuttgart, Ujerumani, hadi leo. Nilipofika hapo nikaukumbuka ule mwembe wa sokoni.

Mwaka wa 1811 alirudi Leipzig, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha katika chuo kikuu. Oktoba 1813 vita vikubwa vya kumpiga Napoleon vilipiganwa nje ya mji huo, na baada ya vita ikaja homa ya taifasi inayoenezwa na chawa. Aliwatibu wagonjwa wake kwa njia yake, na jina lake likavuma. Lakini penye wengi pana mengi. Wauza dawa wa Leipzig walimshtaki kwa kuwa alitengeneza na kutoa dawa zake mwenyewe, kinyume cha sheria iliyowapa wao peke yao kazi hiyo. Mwaka wa 1820 jemadari Schwarzenberg, shujaa wa vita vile vya 1813, alikuja Leipzig atibiwe na Hahnemann, akafia huko huko. Maadui wakapata la kusema. Mwaka wa 1821 mzee alifunga virago akahamia Köthen, ambako mtawala Ferdinand alimpa ruhusa ya kutibu na kutoa dawa zake.

Huko Köthen ndiko alikokutana na mtihani wake mkubwa, na ndio mtihani unaomhusu nyanya yangu. Homa hupona, hata ukinywa maji, mwili wenyewe ukishinda. Maradhi ya kudumu hayako hivyo. Hahnemann alikuwa mwaminifu kiasi cha kuona na kukiri kwamba wagonjwa wake wa maradhi hayo walipata nafuu kidogo, kisha ugonjwa ukarudi, mara nyingine kwa sura nyingine. Alifanya nini? Mpenzi msomaji, ningetamani niandike kwamba alirudi nyuma akaipima dawa yake, kama alivyolipima gamba la mkwinini ujanani. Hakufanya hivyo. Alikaa miaka mingi akitafuta kisingizio, akakipata. Mwaka wa 1828 alianza kuchapisha kitabu chake juu ya maradhi ya kudumu, akadai kwamba mengi ya maradhi hayo yanatokana na sumu ya upele wa zamani uliozamishwa ndani ya mwili, na mengine yanatokana na kaswende na kisonono. Leo tunajua kuwa kisukari, pumu na kifafa havikutokana na upele. Yule aliyemwuliza Cullen swali gumu, hakutaka tena kuulizwa. Mwaka wa 1832 aliwashambulia gazetini hata wafuasi wake wa Leipzig waliokuwa wakichanganya tiba yake na tiba nyingine.

Nisimwonee lakini, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kipindupindu kilipoenea Ulaya mwaka wa 1831, madaktari wengi walisema kinatokana na hewa mbaya. Hahnemann aliandika kwamba yamkini kinaenezwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho, akahimiza usafi. Robert Koch alikuja kumtambua mdudu wa kipindupindu mwaka wa 1883, zaidi ya miaka 50 baadaye. Mzee alikuwa na jicho kali. Jicho hilo lilipofuka tu lilipoitazama chupa yake mwenyewe.

Chupa hiyo ilipimwa na wengine. Mwaka wa 1835, katika mji wa Nuremberg, watu zaidi ya 50 walikubali kufanyiwa jaribio. Chupa ndogo zilitayarishwa, nyingine zikiwa na maji ya theluji yaliyotiwa chumvi iliyozimuliwa mara 30 kwa njia ya Hahnemann, na nyingine zikiwa na maji ya theluji matupu. Zilichanganywa na kupewa namba, na orodha ikafungwa kwa lakiri. Mnywaji hakujua amekunywa ipi, wala aliyempa hakujua. Matokeo yalipokusanywa, wengi sana hawakuhisi lolote. Wachache walisema wamehisi kitu, na baadhi ya hao walikuwa wamekunywa maji matupu. Hilo ni mojawapo ya majaribio ya kwanza ya namna hiyo duniani, na ndiyo njia inayotumiwa leo kuzipima dawa nyingi.

Siku hizo Hahnemann alikuwa na mambo mengine. Mkewe Henriette alikuwa amefariki mwaka wa 1830. Mwaka wa 1834 mwanamke Mfaransa, Mélanie d'Hervilly, mchoraji na mshairi, alisafiri kutoka Paris hadi Köthen kutafuta tiba. Alipata mume. Walioana Januari 1835, bwana akiwa na miaka 79 na bibi 34! Walihamia Paris mwaka huohuo, na huko mzee akafungua ukurasa mpya, matajiri na maskini wakipanga foleni mlangoni, naye Mélanie akijifunza kutibu kando yake. Alifariki Paris tarehe 2 Julai 1843, akiwa na miaka 88. Mwaka wa 1898 mwili wake ulihamishiwa makaburi ya Père Lachaise katika mji huohuo.

Tiba yake haikufa naye. Ina wafuasi wengi, hasa India, ambako serikali inaitambua. Hata hivyo, mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kwamba isitumiwe kutibu maradhi kama malaria, kifua kikuu na UKIMWI. Mwaka wa 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilikusanya tafiti nyingi juu yake, likaamua kuwa hakuna ugonjwa ambao imethibitishwa vizuri kuwa inautibu. Ufaransa, ambako Hahnemann alizikwa, iliacha kuwarudishia wananchi gharama zake mwaka wa 2021.

Msije mkadhani ninaidharau miti ya wazee wetu. Mitishamba ni jambo jingine, kwa kuwa ndani yake mna kitu. Lile gamba la mkwinini alilolinywa Hahnemann lilichunguzwa Paris mwaka wa 1820 na wanakemia wawili, Pelletier na Caventou, wakatoa ndani yake kwinini, dawa iliyookoa roho nyingi Afrika hii. Na je, mnajua asili ya vile vidonge vya metformini ambavyo nyanya alivificha kwenye kopo? Walianzia na mmea uitwao Galega, uliokuwa ukitumiwa Ulaya tangu zamani. Wanasayansi walichunguza kemikali zake, zikawaongoza hadi dawa hiyo, na mwaka wa 1957 daktari wa Kifaransa, Jean Sterne, akatangaza kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Kumbe nyanya aliuza mbuzi anunue mti usiojulikana, huku mti uliopimwa uko juu ya kabati lake! Tofauti ya dawa na ubashiri si kwamba hii ya mzungu na ile ya kwetu. Tofauti ni kupimwa: imo nini, kiasi gani, inamsaidia nani, inamdhuru nani.

Nilipomaliza kitabu niliandika ukurasa mmoja wa mambo mawili niliyojifunza kwa Hahnemann, nikaupeleka nyumbani likizo ya Desemba. La kwanza ni la kuiga: sikiliza, kisha andika. La pili ni la kuogopa: usipende dawa kiasi cha kukataa kuipima.

Nilimnunulia nyanya daftari la kurasa 96. Kila asubuhi anapimwa sukari na binamu yangu, na namba inaandikwa. Chini yake nyanya anasema lolote analotaka: alivyolala, alichokula, miguu ikoje. Siku ya hospitali tunakaa jioni yake tukachagua maswali matatu, tukayaandika ukurasa wa mbele. Foleni haijapungua. Dakika bado ni zilezile tano, wala siwezi kumlaumu daktari mwenye wagonjwa mia moja mlangoni. Lakini mara ya kwanza tulipomfungulia lile daftari, alilisoma, akageuza ukurasa, akavuta kiti karibu, na akamwambia nyanya avue viatu aione miguu yake. Tulipotoka, nyanya alitembea kimya mpaka kituoni. Kisha akasema leo ameonwa.

Mwuza dawa bado huja siku za soko. Juzi nyanya alipita mbele ya meza yake akamsalimu vizuri, maana hana kinyongo naye. Akamwuliza chupa ile imepimwa wapi, na na nani. Yule bwana alizima kipaza sauti akaanza kupanga chupa zake upya. Nyanya alingoja jibu kidogo, halafu akaenda zake kununua sukuma wiki.

Nakomea hapo, ndugu msomaji. Ikiwa nyumbani kwenu kuna mzee anayeishi na ugonjwa usioondoka, usimcheke akiikimbilia chupa ya sokoni. Keti naye kwanza umsikilize. Kisha mchungulie juu ya kabati.